Msitupange kwa kututazama

Wenzetu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika ambao tunajua mnatusoma hata kama hamsemi kitu.

Leo hatuzungumzii chakula wala makaratasi. Tunazungumzia sauti. Msicheke. Kuna dada yetu hajaimba tangu mwezi wa sita, na sisi tunasema alinyamazishwa kwa kosa. Kosa lenyewe linaelezeka, na kesho litarudiwa kwa mwingine tusipolisema.

Ilikuwa hivi. Mradi wa muziki ulikuja kwa miezi mitatu: kwaya ya vijana iimbe Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Tulijiandikisha thelathini na kitu. Wengi wetu ni Wabajuni, watoto wa Kismayo, Koyama, Chula na Chovai, pamoja na Wabarawa kadhaa, Wasomali, na Wakongo wawili ambao kwaya kwao ni kama uji wa asubuhi. Siku ya kwanza mkufunzi akatusimamisha mstari, akapita mbele yetu kama mtu anayechagua samaki sokoni. Msichana mwembamba, soprano. Msichana mnene, alto. Mvulana mfupi, teno. Mvulana mrefu, besi. Hakumsikiliza hata mmoja! Dakika kumi kazi imekwisha, fulana za rangi nne zikagawiwa, picha ikapigwa kwa ajili ya ripoti.

Dada yetu ana miaka 19 na ni mwembamba, basi akavaa fulana ya soprano. Lakini sauti yake ni nzito. Ukimsikia kwenye simu unadhani ni kaka yake. Kila wimbo ulipopanda yeye alibaki njiani, na alipojitahidi ilitoka kelele. Wiki ya tatu akaambiwa, "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Watu wakacheka. Tuwe wakweli, na sisi tulicheka. Mmoja wetu akasema ana sauti ya dume. Siku ya sherehe alisimama mstari wa mbele, akafungua na kufunga mdomo kama changu aliyetolewa majini, na wageni wakapiga makofi. Tangu siku hiyo hata akiosha vyombo hatumsikii.

Wa pili ni mdogo wetu wa miaka 14. Amerefuka mwaka huu kama mlingoti, basi akawekwa besi. Alishindilia sauti chini mpaka ikakwaruza, na baada ya wiki mbili akawa anaongea kwa kunong'ona. Mamake alidhani ni mafua.

Sasa tueleze, maana kulalamika bila kueleza ni kupoteza data za simu.

Kooni kuna nyuzi mbili za nyama. Pumzi ikipita zinatetemeka, na zikitetemeka upesi sauti inakuwa juu, zikitetemeka pole inakuwa chini. Mwanamume anapozungumza kwa kawaida ni kama mara 100 hadi 120 kwa sekunde, mwanamke kama 200. Hiyo ni wastani tu, watu wanapishana sana. Nyuzi za mwanamume mzima zina urefu wa kama milimita 17 hadi 25, za mwanamke kama 12.5 hadi 17.5. Tazama hapo mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine: zinaingiliana kidogo. Na tazama tena kwamba tunazungumzia milimita za kooni. Hakuna mtu anayeweza kuziona milimita hizo kwa kutazama mabega ya mtu au kiuno chake.

Ndiyo, aina za sauti zipo. Hatusemi ni uongo wa wazungu. Katika kwaya ya safu nne soprano huanza karibu na C ya kati, mitetemo kama 262 kwa sekunde, na mwimbaji aliyefunzwa anafika C ya oktava mbili juu yake, kama 1,047. Besi huanza kwenye E ya chini kabisa, kama 82, hadi E iliyo juu kidogo ya C ya kati, kama 330. Alto na teno wako katikati ya hao wawili. Wenzetu Wakongo wanaziita sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na wanajua kuzipanga kuliko mkufunzi wetu, ila hakuna aliyewauliza.

Lakini upana wa sauti, yaani kutoka noti yako ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, haukuambii wewe ni nani. Mtu anaweza kugusa noti ya juu mara moja kama anavyogusa embe kwa kuruka. Haimaanishi anaishi juu ya mwembe. Kinachohesabiwa zaidi ni makazi ya sauti: zile noti ambazo unaweza kukaa nazo nusu saa bila koo kuchoka na maneno yakasikika. Halafu kuna rangi ya sauti, maana watu wawili wakiimba noti ileile mmoja ni mzito kama asali na mwingine ni mwangavu kama bati la mvua. Na kuna kivuko, pale sauti ya kifuani inapokataa kupanda zaidi na inabidi kuhamia ile nyepesi ya kichwani. Kila aina ya sauti ina kivuko chake. Mwalimu makini anasikiliza vyote hivyo, tena siku kadhaa, kwa sababu sauti ya asubuhi si ya jioni, na sauti ya mwenye njaa si ya aliyeshiba.

Tena sikilizeni hili, ndilo lililotukera zaidi tulipolijua. Watu wengi si soprano wala alto, si teno wala besi. Wengi wako katikati. Kwa wanawake sauti hiyo ya katikati inaitwa mesosoprano, kwa wanaume baritoni. Alto wa kweli wa chini kabisa, kontralto, ni wachache. Kwaya ya safu nne haina fulana ya watu wa katikati, hivyo nusu wanavutwa juu na nusu wanasukumwa chini, na wote wanaambiwa wajitahidi. Huko Ujerumani majumba ya opera yana mpangilio wao, unaitwa Fach, wenye mafungu zaidi ya ishirini, na ulitengenezwa ili mwenye jumba ajue mwimbaji gani amwajiri kwa kazi ipi. Ni mambo ya mkataba. Sisi tumepewa mafungu manne, hatuna mkataba, na soda moja.

Kuhusu mdogo wetu hatuna subira kabisa. Mvulana anapobalehe, wengi kati ya miaka 12 na 15, koo linakua na sauti inashuka karibu oktava nzima. Kwa msichana nayo inashuka, ila kidogo. Katika miezi hiyo sauti haina mwenyewe: leo iko huku, kesho imekatika katikati ya neno. Hata ikishatulia inaendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka ishirini. Kumwita mtoto wa miaka 14 besi ni kama kumpima miguu Ramadhani na kumshonea viatu vya maisha. Na kumlazimisha akae chini ambako bado hajafika ndiko kulikomkwaruza. Anatakiwa aimbe zile noti chache zilizo rahisi kwake mwezi huu, na mwezi ujao apimwe tena. Basi.

Turudi kwa dada. Walimwambia ana sauti ya dume, na tukacheka, sisi watoto wa pwani hii hii. Tulisahau sisi ni nani.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa na sauti ya chini, nzito, yenye mikwaruzo, na dunia nzima ilisimama kumsikiliza. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Umm Kulthum wa Misri, ambaye babu zetu walimsubiri redioni, sauti yake ilijaa huku chini, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia afungue mdomo tu. Na kwa upande wa pili, Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, alijenga jina lake kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Sauti ile ilikuwa inapanda na kupinda huko juu, na wazee wenye ndevu wakimtunza pesa. Hatujasikia mtu akimwita mwanamke. Pwani ilishajua zamani kwamba mwanamke anaweza kuwa mzito na mwanamume anaweza kuwa juu. Aibu hii ya sauti tumeiokota wapi?

Na kuna jinsi yetu ya kupanga sauti ambayo haikuulizwa siku ile. Katika nyimbo za kazini, za kuvuta jahazi au nyavu, kuna anayeanzisha na kuna waitikiaji. Anayeanzisha anaanza pale koo lake linapopenda. Akiwa mzito, wimbo uko chini leo. Kesho ataanzisha mwingine mwembamba, wimbo uleule uko juu. Waitikiaji wanafuata, na asiyefika anaitikia oktava ya chini bila kuandikiwa barua. Katika taarabu mpiga udi humfuata mwimbaji, anauliza aanzie wapi. Wakulima wetu wa bara, wale wanaoimba vave usiku kabla ya kuchoma pori walilofyeka, hawana kinanda cha kuwaambia C ni ipi. Kwa hiyo sisi tunauhamisha wimbo umfuate mtu. Kwaya ya mradi ilimhamisha mtu aufuate wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa umeshushwa kutoka intaneti na sauti yake ya mashine, hausogei hata nusu noti. (Baadaye tumegundua unasogea. Kuna kitufe. Mkufunzi hakukigusa.)

Kulikuwa na bibi mmoja wa kutoka Chula aliyekuja siku mbili kutufundisha wimbo wa harusi. Anaimba chini, polepole, na maneno yake ya Kitikuu hata baadhi yetu hatuyajui tena. Mkufunzi akaupandisha ili soprano wasikike. Bibi akajaribu, akakohoa, akacheka, akasema wanangu huo si wangu tena. Hakurudi. Beti zilizobaki anazo yeye, na yeye ana miaka yake. Hiyo ndiyo hasara tunayoizungumzia, wala si fulana.

Tena tukumbushane jambo jingine kuhusu watu wetu. Kismayo ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab kuanzia 2008 hadi 2012, na muziki ulikatazwa. Mama zetu wanasimulia harusi za kuimba kwa kunong'ona, dirisha limefungwa, mmoja yuko mlangoni anasikiliza nyayo. Aliyejifunza kuimba hivyo anaimba kwa sauti ndogo hata leo akiwa salama. Sasa mkufunzi anamsikia anaandika "hana sauti". Kumbe udogo wa sauti na ufinyu wa sauti ni vitu viwili tofauti! Mmoja wetu ambaye humsikii hata akiwa pembeni yako, tulipompima wenyewe kwa utulivu, alikuwa na oktava mbili na zaidi. Alichokosa ni ruhusa tu.

Mtauliza mbona tumekasirika namna hii kwa kwaya ya miezi mitatu. Tutawaambia.

Watu wetu wameshapimwa sauti kabla ya hapa. Mbajuni akiomba hifadhi Ulaya, mara nyingi alipigiwa simu na mtu asiyemwona, akaambiwa azungumze kwa muda mfupi, akarekodiwa. Kisha mchambuzi akaandika: huyu ni wa kusini mwa Somalia, au huyu ni wa Kenya. Mwaka 2010 huko Uingereza kesi ya mtu aliyesema ni Mbajuni ilifika baraza la rufaa la uhamiaji, na ripoti ya namna hiyo kutoka kampuni ya Sweden ilikuwa kwenye ushahidi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema, katika kesi nyingine za Wasomali, kwamba ripoti hizo zisipewe uzito kwa mazoea, kila moja iangaliwe yenyewe, na mchambuzi asivuke mipaka ya utaalamu wake. Miaka mingi ilikuwa imepita. Mtu aliyekimbia 1991 akiwa mtoto, akakulia pale Mombasa, akacheza na watoto wa Mombasa, unategemea azungumze kama babu yake wa Koyama? Lugha ya mtu inafuata njia aliyopita. Anapozungumza na mgeni anasafisha maneno, anaweka Kiswahili cha redio, kwa heshima au kwa hofu. Halafu heshima hiyo hiyo inaandikwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Hatusemi kuwekwa soprano ni sawa na kunyimwa hifadhi. Hatujapotewa na akili. Tunasema tabia ni moja: mtu asiyekujua anakusikia kidogo, au hakusikii kabisa, anakupachika jina, na jina linakwenda kwenye faili ambalo wewe hulioni. Sisi tumezoea mno kupangwa. Ndiyo maana yule dada hakubisha. Alipoambiwa anyamaze, alinyamaza kama anavyopanga foleni.

Najua wengine wa mashirika watasema, "Lakini muda ni mfupi, mfadhili anataka kuona kwaya." Haya. Kama muda ni mfupi, acheni safu nne. Imbisheni wimbo wa kiongozi na waitikiaji, utakuwa tayari kwa siku mbili na utasikika vizuri zaidi. Au gaweni watu mafungu mawili, wa juu na wa chini, na wale wa katikati wachague wenyewe kila wimbo. Safu nne bila kusikilizana ni kelele iliyovaa fulana. Na wapo watakaosema kupanga sauti kunalinda koo za watoto. Ni kweli kabisa! Ndilo tunalodai. Pangeni kwa masikio basi.

Tulipochoka kulalamika tulijipima wenyewe, Ijumaa tatu baada ya alasiri. Kinanda hatuna, simu ya mmoja wetu ina programu inayoonyesha noti unayoimba. Kila mtu alianza na wimbo anaoujua tangu mdogo, wa kubembelezea mtoto au kasida, akiwa ameketi na wengine wamegeuka wasimtazame. Bila do re mi. Alipozoea tukamwomba ashuke taratibu mpaka sauti ikauke, tukaandika. Halafu apande taratibu mpaka aanze kukaza shingo, tukaandika na kumsimamisha hapo hapo, maana shingo ikikaza umeshapita. Kisha tukauliza swali ambalo mkufunzi hakuuliza: wewe unapenda kukaa wapi? Tuliandika kwa penseli na tarehe. Mwenye sauti ya kukwaruza hakupimwa, alipewa maji akaambiwa apumzike, na ikizidi wiki tatu aende kliniki. Ukipima mtu mwenye koo bovu unapima ugonjwa.

Matokeo? Kati ya wasichana waliovaa fulana ya soprano, wanaokaa huko kwa raha ni watatu. "Besi" wetu karibu wote ni baritoni, na mmoja ni teno tena mzuri, urefu wake ndio uliomponza. Mdogo wetu wa miaka 14 tumeandika alama ya kuuliza, na ana noti sita ambazo ni zake kwa sasa. Anatamba nazo.

Dada alikataa kupimwa Ijumaa zote tatu. Ya mwisho alikuja akaketi mlangoni na kazi yake ya kushona. Tulimwomba radhi mbele ya wote, kwa kicheko kile. Akasema sawa, hakuongeza neno.

Tumemwandikia mkufunzi barua, kwa adabu, na nakala kwa ofisi ya mradi. Tumeomba mambo matatu: asimpange mtu kabla ya kumsikia, asiwafunge walio chini ya miaka 18 kwenye fungu moja, na wimbo wa bibi wa Chula urudishwe pale alipouanzisha yeye. Kuhusu hilo la tatu tumeshakwenda kwa bibi wenyewe, na sukari kilo mbili. Amesema atakuja, kwa sharti kwamba ataanzisha yeye, na kwamba anahitaji mtu mmoja wa kumwitikia huku chini, maana hawa wasichana wenu, anasema, wote wanaimba kama chiriku.

Tulimwambia tunaye mmoja. Hatujui kama atakubali. Ijumaa hii, baada ya alasiri, pale pale.